Altezza RS200 ya gia sita, miaka miwili Tabora: chungulia chini kabla hujalipa

Mwangaluka! Hapo nimewasalimu Kinyamwezi, maana huku bado asubuhi. Nipo Ipuli, Tabora mjini, na gari mnaloliona nyuma yangu limelala chini ya mwembe huu tangu jana usiku. Makusudi. Sababu mtaisikia mwishoni. Najua utomvu wa mwembe ukikauka kwenye boneti utalia na rangi yako, wakazi wa Tabora wananielewa, lakini kwa ajili yenu nimekubali.

Toyota Altezza, RS200, gia za mkono, namba C. Ninalo mwaka wa pili sasa umepita. Na kuna wanaocheka, nawaona. Altezza kwetu ina jina baya: gari la masharobaro, eksozi inaamsha mtaa, kioo cheusi, dereva amejilaza kiti utadhani yuko saluni. Jina hilo tumelibandika sisi wenyewe, gari halina kosa.

Kwa ambao hawalijui, nipite haraka. Lilianza kuuzwa Japani mwaka 1998 likatengenezwa hadi 2005, Ulaya na Marekani mtaliona kwa jina la Lexus IS. Huku yapo ya aina mbili. AS200 ina injini ya 1G, silinda sita, farasi 160, gari tulivu la mtu mzima. RS200, hili, lina 3S-GE ya silinda nne, ile ambayo Toyota walishirikiana na Yamaha kwenye kichwa chake. Lita mbili, halina tabo, na likiwa na gia za mkono linatoa farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Hao ni farasi wa siku linatoka kiwandani. Wa kwangu baadhi wameshastaafu. Linasukuma kwa nyuma, gia sita, na usukani wake... niache hapo, nikiendelea nitasahau mabaya.

Sasa mabaya. Aliyekuwa nalo kabla yangu, kijana wa Dar, alilipenda sana. Tatizo ni alivyolipenda. Springi zote nne alizikata. Sisemi alinunua springi fupi, nasema alizikata kwa grainda, mizunguko miwili kila moja, gari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Mimi siku ya kulinunua nikaona limependeza. Sikuinama. Nikatoa milioni saba na laki mbili, nikalala kwenye basi nikiota.

Wiki ya pili nikaenda nalo Kwihara, kule kwenye tembe la Livingstone, nina wageni. Siyo mbali, ni vumbi tu na mawe mawili matatu. Jiwe moja likatosha. Nikasikia kishindo chini ya miguu, taa nyekundu ya oili ikawaka, nikazima pale pale. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imepasuka, oili yote imemwagika barabarani. Kuzima haraka ndiko kulikookoa injini. Ningesema nijikongoje mpaka mjini, ingenoki. Trekta likatuvuta hadi lami kwa elfu ishirini na maneno mengi.

Mzee wangu wa gereji alipoliinua kwa jeki alinyamaza kwanza. Halafu akaniita. "Baba, umenunua gari au umenunua picha?" Springi ikikatwa haifupiki tu, inakuwa ngumu, na gurudumu likining'inia inacheza kwenye kikalio chake. Shokapu haina pa kwenda, kila shimo inagonga mwisho. Matairi yameliwa upande wa ndani, nje yanaonekana mapya. Na boljointi za chini, za mbele, vile viungo vinavyoshikilia gurudumu, zilikuwa zinacheza kama jino la mtoto.

Hapo kwenye boljointi nisikilizeni vizuri. Huo ni ugonjwa wa Altezza kwa ujumla, hata zile ambazo hazijaguswa. Ikichoka kabisa inachomoka, gurudumu linalala ubavu. Ukiwa unatafuta maegesho ni aibu tu. Ukiwa njia ya Nzega na lori la tumbaku linakuja mbele yako, ni habari nyingine. Inua gari, shika gurudumu juu na chini, tikisa. Likicheza, usiondoke gereji. Na usinunue ile ya bei ya karanga; mimi nilinunua, ilinikaa miezi minne.

Springi za asili nilizipata Gerezani, Dar, zimetumika, zimetoka Japani, zikaja na basi kama kifurushi. Siku ziliporudi gari lilipanda, majirani wakaniuliza nimelifanya nini, mbona limekuwa la mzee. Sawa. Mzee huyo anapita matuta ya hapa mjini bila kukaa mshazari.

Rimu pia. Yalikuwa ya inchi 17, tairi 215/45. Nimeshuka hadi 16 na tairi 205/55. Kimo cha gurudumu zima ni kile kile karibu, kinatofautiana milimita sita hivi, lakini ubavu wa tairi umeongezeka milimita 16 za mpira. Kwa barabara zetu hizo milimita 16 ni godoro. Na saizi hiyo unaipata duka lolote, ile nyingine uagize usubiri.

Ea klina. Jamaa alikuwa ameng'oa boksi la asili akaweka ile ya koni, iko wazi kabisa kwenye injini, inavuma vizuri ukikanyaga. Nyie mnajua vumbi la Tabora mwezi wa nane. Niliifungua, nikapitisha kidole ndani ya bomba, baada ya filta, yaani upande unaotakiwa kuwa safi. Kidole kikatoka chekundu. Lile vumbi ni msasa, linaingia kwenye silinda. Boksi la asili likarudi wiki hiyo hiyo. Mlio umepungua, ndiyo. Eksozi nayo nimeirudishia mafla, sasa trafiki hanisimamishi kwa sababu ya kelele, ananisimamisha kwa sababu zake nyingine.

Lakini lililonikera kuliko yote ni thamostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto. Haikuwepo. Na hili si la kijana wa Dar peke yake, ni la mafundi wengi nchi nzima: gari likichemsha mara moja, kitu cha kwanza wanatoa thamostati. "Huku kwetu joto, haina kazi." Tabora iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ya mwezi wa saba unavaa sweta! Injini isipofika joto lake, kompyuta inadhani bado ndiyo imeamka, inaendelea kuimwagia petroli. Mjini nilikuwa napata kilomita sita kwa lita. Nimerudisha thamostati, nimesafisha rejeta iliyojaa kutu ya maji ya bomba, nimeweka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, sasa napata nane. Barabara ya Nzega nikijiheshimu napata kumi na moja. Gari likichemsha tafuta kwa nini linachemsha, usimuue mlinzi.

Kwa hiyo mnaona. Pesa zote hizo zimeishia kulirudisha lilivyokuwa, sijaongeza farasi hata mmoja, na ninaliendesha kwa kasi zaidi kuliko mwanzo kwa sababu sasa naliamini. Kitu kimoja tu nimeongeza: bamba la chuma chini ya sampu, milimita tatu, limechongwa na fundi wa kuchomelea hapa hapa mtaani. Mwambie aache tundu la kumwagia oili na nafasi ya hewa kupita, la sivyo kila sevisi utakuwa unafungua bolti nane.

Taimingi belti badilisha siku ya kwanza. Kiwandani ni kilomita 100,000, lakini za kwenye dashibodi kwenye gari la umri huu ni hadithi, na ikikatika pistoni zinakutana na valvu. Petroli nayo, mgandamizo wa injini hii ni mkubwa, unazidi 11 kwa 1, kwa hiyo yale mafuta ya kwenye chupa kando ya barabara waachie wenye bodaboda.

Je, ununue? Ukiwa huna fundi anayekubali kurudisha kitu badala ya kukitoa, usinunue. Ukiwa unataka kupakia magunia ya mpunga, kuna Probox. Ukipata AS200 safi ya gia za mkono, na RS200 unayoiona imechokonolewa, chukua AS200, usione aibu. Kuagiza Japani sikushauri, uchakavu unatozwa kodi ya ziada. Tafuta hapa nchini, na weka pembeni angalau milioni mbili kabla hujafikiria rangi.

Haya, sababu ya kulilaza hapa. Muuzaji mjanja atalipasha moto kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya vuguvugu, mwambie utarudi kesho asubuhi. Mdogo wangu, sogeza kamera, karibu na injini. Nawasha.

Mmesikia? Hiyo "krrr" fupi, sekunde moja, halafu kimya. Ni gia ya VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, kabla oili haijaifikia. Hiyo ya kwangu naishi nayo. Ikiendelea sekunde tatu, nne, au ikirudi gari likishapata moto, hiyo ni bei nyingine kabisa, na muuzaji anaijua.