Chogo langu la Hz 100 baada ya fundi kuiruka bodi ya dijitali

TV yangu ni chogo la inchi 28, mtumba wa Ulaya, toleo la mwisho mwisho kabla flati hazijatawala. Kulibeba kunataka watu wawili, na wa tatu wa kutoa maelekezo. Pembeni limeandikwa "100 Hz" kwa mbwembwe, yaani kioo kinachorwa mara 100 kwa sekunde, na hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa.

Nikibonyeza ngumi kwenye gemu, jamaa wangu anairusha nikiwa nimeshapigwa. Hizi TV hazikuonyeshi picha kama ilivyoingia. Bodi ya dijitali inaidaka, inaiweka kwenye memori, halafu inaitoa kwa kasi maradufu ili kioo kisipepese. Kwenye mfumo wa Hz 50 picha huja nusu nusu, mistari ikipishana, na kila nusu-picha inachukua milisekunde 20, kwa hiyo ikihifadhiwa moja tu umeshachelewa. Tena inakoleza kingo mpaka kila herufi inaota kivuli cheupe.

Nilipomwomba picha iingie bila kupita kwenye bodi hiyo, fundi wangu wa Kariakoo alinitazama sana. "Mdogo wangu, TV inaonyesha, unataka kuiua?" Nilimwelewa. Alipofungua, kitu cha kwanza alichofanya ni kuutoa umeme uliobaki kwenye kioo (pale kwenye kofia ya mpira unapita zaidi ya volti 20,000), mimi nimesimama mlangoni. Chipu ya mwisho kabla ya kioo ilikuwa na njia za rangi nyekundu, kijani na bluu zisizotumika. Akachomelea nyaya hapo, kila rangi na rezista yake ya omu 75 na kapasita ya maikrofaradi 0.1, kisha nyaya za "sync" (ishara inayoiambia TV kila mstari na kila picha ianzie wapi), na swichi nyuma ya kurudi kwenye king'amuzi.

Jambo moja usikosee: usichomeke PlayStation ya zamani moja kwa moja. Inatoa mistari kama 15,600 kwa sekunde, wakati chogo la Hz 100 linakwenda 31,250. Mimi natumia kompyuta kuukuu, 640 kwa 480 kwa Hz 60, inayotoa takriban 31,500. TV ikaikubali, ila picha ilimwagika juu na chini hadi fundi alipoingia menyu ya siri kuibana.

Sasa nikibonyeza, ngumi imefika. Vile vivuli vyeupe vimekwisha, na rangi nyeusi ni nyeusi kweli.

Kasoro zipo. Kurasa nyeupe zinapepesa na macho yanachoka, maana ile Hz 100 ilikuwa na kazi yake. Swichi ukiigeuza TV ikiwa inawaka, inalia "tik" na kujizima. Na "siku tatu" za fundi zilikuwa wiki mbili. Kwa mpira wala usijisumbue, hautaona tofauti.

Nyota nne. Jumamosi mdogo wangu alinitandika raundi saba mfululizo, na kisingizio cha TV sina tena.