Stesheni ya Ogimachi, Kawasaki: nyota 4, moja nimeirudisha mfukoni

Sisi watu wa Lamu treni twaisikia tu. Tangu 2012 ule mradi wa bandari uzinduliwe tunaambiwa reli yaja, itatoka hapa mpaka Sudan Kusini na Ethiopia, gati ya kwanza ikafunguliwa 2021 lakini reli yenyewe hata taruma moja sijaliona mpaka leo. Basi mie nikajiapiza popote nitakapopata nafasi naenda kukaa stesheni niione inavyofanya kazi, na nafasi nimeipatia Japani, meli yetu ilifunga gati Kawasaki nikapewa ruhusa ya kushuka nusu siku. Wenzangu wakakimbilia Yokohama kununua viatu. Mie nikaenda Ogimachi kwa miguu, kupita viwanda tu kulia na kushoto, malori yananipita ubavuni, ukuta, bomba, ukuta, nikaanza kudhani nimepotea.

Msiweke akilini zile stesheni za kwenye video watu wanashindiliwa ndani kama magunia ya mkaa. Hii ni kidude. Jukwaa moja, reli moja ya abiria na hapo ndio mwisho wa laini, treni ikifika haina pa kwenda ila kurudi. Hakuna mkata tiketi, hakuna askari, hakuna wa kumuuliza. Kuna kimashine cha kugusisha kadi ukiingia na chengine ukitoka, geti hakuna, yaani ukitaka kupita bure nani akushike? Na watu wanagusisha. Nilikaa pale makusudi nikawaangalia, wote wanagusisha.

Lakini kilichonipeleka ni mizigo. Laini hii ya Tsurumi haikujengewa watu. Tajiri mmoja wa saruji, Asano Soichiro, aliifukia bahari pale akaweka viwanda juu yake, viwanda vikataka reli. Treni za mizigo zilianza 1926, Ogimachi ikafunguliwa 1928, abiria ndio wakakumbukwa 1930, mzigo ulitangulia binadamu miaka minne mizima. 1943 vita vimepamba moto serikali ikaichukua. Hata jina la Ogimachi ni la huyo Asano, ogi ni kipepeo cha kujipepea mkononi, kilikuwa kwenye nembo ya ukoo wa Asano, na stesheni nyengine zimepewa majina ya matajiri wenziwe, Okawa, Anzen ambayo imekatwa kwenye jina la Yasuda Zenjiro mwenye benki. Hebu jeti zetu zipewe majina ya wenye mahoteli wa Shela, mtayasikia hayo makelele.

Sasa angalia walivyopanga. Abiria ana reli yake, mzigo una reli zake pembeni, hawakutani. Mie nimekulia Mokowe na jeti ya Amu, nawajua mifuko ya saruji, mgonjwa wa machela, mtoto wa shule, kreti za soda na mbuzi wa harusi wote kwenye ngazi moja wakati mmoja, na nahodha anapiga kelele twendeni maji yanatoka. Kwa hio mie kusimama tu pale nikaona mtu na mzigo kila mmoja na njia yake ilikuwa raha ambayo wale wa viatu hawawezi kuielewa.

Siku niliyokwenda upande wa mizigo ulikuwa kimya, reli zina kutu na nyasi katikati. Mpaka 2020 hapa ndipo mabehewa ya makaa ya mawe yalipokuwa yakitoka kwenda kiwanda cha saruji huko Saitama. Nikacheka peke yangu kama mwenda wazimu, sisi Lamu mtambo wa umeme wa makaa ya mawe tuliukataa, leseni yake ikafutwa 2019, na wao mwaka wa pili yake treni yao ya makaa ikasita. Mizigo ya laini hii haijafa lakini, Anzen bado hupakiwa mafuta ya ndege za kambi ya Wamarekani ya Yokota.

Afu paka! Wamejaa. Wamelala kama wamelipa kodi, ukipita hakusogei hata mmoja, ukikaa anakuja kukunusa kiatu aende zake. Wallahi nilihisi niko mtaa wa Langoni asubuhi mbele ya mwenye samaki. Tofauti ni kuwa wa kwao wanene, wetu wale vichwa vidogo miguu mirefu. Nimepiga picha nyingi za paka kuliko za treni.

Hio nyota niliyoirudisha ni ya kusubiri, na kosa ni langu. Asubuhi na jioni treni ziko karibu karibu kwa ajili ya wafanyikazi wa viwanda, mchana katikati zapotea, yaweza kupita kama saa mbili nzima hujaona kitu. Ratiba ilikuwa imebandikwa ukutani, mie nimeshughulika na paka, nageuka naona mkia wa treni unaondoka. Hapo karibu duka la kuingia sikuliona, nikakaa na chai yangu ya kopo mpaka ikapoa.

Ilipokuja ilikuwa safi mno, ni zile mpya walizoanza kuzileta Disemba 2023, mabehewa matatu, dereva peke yake anafanya yote. Kilomita saba mpaka Tsurumi, dakika kumi na saba hivi, nauli haifiki yen mia tatu.

Mabaharia mkifunga Kawasaki nendeni saa kumi jioni, si saa sita kama mie, na saa za kurudi zipigeni picha mkishuka tu. Mkiwa na muda teremkeni njiani stesheni ya Asano mushike kijilaini cha Umi-Shibaura, stesheni imekaa juu ya maji kabisa lakini mlango wake ni wa kiwanda, kama si mfanyikazi hutoki, mwaishia kwenye kibustani kidogo mwaangalia bahari. Sie bahari tunayo, ndio maana sikuhangaika.

Mamangu nimemuonesha picha zote, reli kazipita haraka haraka. Kauliza hao paka yuwawalisha nani.