Tracy: prosesa inachemka na picha imetulia tuli? Tazama hapa

Habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni tena. Leo ni zamu ya Tracy, na nasema mapema kabisa: nimeipenda! Kama unaandika programu ya michoro, iwe gemu, iwe ya kuhariri picha, iwe ya kutazama modeli za 3D, na feni inavuma wakati kwenye skrini hakuna kinachosogea, usiondoke.

Utambulisho naupitia mbiombio. Tracy ni profaila, yaani chombo kinachoonyesha programu yako inatumia muda wapi, ni programu huria, mwandishi wake ni Bartosz Taudul, inapima mpaka nanosekunde, inaelewa njia za kuiamuru kadi ya michoro: OpenGL, Vulkan, Direct3D na Metal. Mengine mnayajua. Twendeni kwenye skrini.

Hii ni programu yangu ndogo ya kutazama modeli. Modeli imesimama, kipanya sijakigusa. Angalieni Task Manager ya Windows, matumizi ya prosesa: asilimia 12 na ushee. Wengi wakiona namba hiyo wanapita, wanadhani ni kidogo. Hapana! Mashine hii ina kori 8, yaani vitengo 8 vya kufanya kazi ndani ya prosesa. Gawanya 100 kwa 8, unapata 12.5. Maana yake kori moja inafanya kazi mfululizo, kwa ajili ya picha isiyobadilika.

Sasa Tracy. Nimeweka alama zake mbili kwenye kodi: ZoneScoped kwenye kila fanksheni ninayoishuku, ili ipimwe kama zoni, na FrameMark mwisho wa kila fremu, yaani kila picha inayochorwa. Huu mstari wa juu, kila nguzo ni fremu moja. Zote ziko kwenye milisekunde 16.7 hivi, skrini ni ya hezi 60, yaani hubadilika mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo mambo yanaonekana shwari. Navuta karibu, naingia ndani ya fremu moja. Kuchora kwangu ni milisekunde 2. SwapBuffers, yaani kubadilisha bafa ili picha iliyokamilika iende kwenye skrini: 14 na kitu. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Wanasema aah, hapo programu inasubiri skrini tu, na kusubiri hakuli prosesa.

Bonyeza hiyo zoni. Dirisha linafunguka, shuka kidogo, soma mstari huu wa “Running state time”, muda ambao prosesa ilikuwa kazini kweli. Unauona? Karibu asilimia mia! Narudia ili uone vizuri: milisekunde 14 za kusubiri, na uzi, yaani mkondo wa kazi wa programu, haukulala hata kidogo. Ni kama mtu aliyesimama mlangoni anagonga bila kukoma badala ya kukaa aitwe. Nikiangalia sampuli, yaani rekodi za prosesa ilikuwa kwenye kodi ipi kila baada ya muda mfupi, zinaangukia ndani ya draiva, programu inayoendesha kadi ya michoro, siyo kwenye kodi yangu. Draiva inazunguka kwenye kitanzi ikiuliza kama skrini iko tayari. Sasa fikiria ungekaa kuboresha zile milisekunde 2 za kuchora: ungehangaika na prosesa isingeshuka.

Hiki ndicho kitu kilichonifanya niipende Tracy. Muda uliopita na muda ambao prosesa ilifanya kazi kweli, vyote viwili, ndani ya fremu ileile. Uzi ungekuwa umelala, mstari huohuo ungesoma asilimia ndogo, nawe ungeiacha SwapBuffers ukatafute kwingine.

Mmeniuliza sana kuhusu wapinzani, yaani vyombo vingine vya kupima na kuchunguza programu. perf ya Linux naitumia na nitaendelea kuitumia, hasa pamoja na ile grafu ya miali (flame graph) aliyoibuni mhandisi Brendan Gregg. Lakini grafu hiyo inajumlisha kila kitu, fremu moja iliyokwama inamezwa na zilizo sawa. Callgrind inahesabu vizuri, ila inaiburuza programu mpaka gemu haichezeki. RenderDoc, jamani, ni ya kuchunguza fremu imechorwaje, amri moja baada ya nyingine. Kumtafuta mla prosesa siyo kazi yake. VTune ni ya bure na ni nzuri. Superluminal ni ya kulipia. Tracy ni bure, leseni ya BSD, na kwa ubora huu hilo linanishangaza mpaka leo.



Turudi kwenye programu yangu ya modeli. Dawa yake ni mstari mmoja. Kwenye kitanzi cha GLFW, maktaba inayofungua dirisha na kupokea matukio ya kipanya na kibodi, natoa glfwPollEvents, ambayo hurudi papo hapo, naweka glfwWaitEvents, ambayo huulaza uzi mpaka tukio litokee. Narekodi upya. Mnaona? Sijagusa kipanya, hakuna fremu mpya, na prosesa imeshuka karibu na sifuri. Kwa gemu inayosogea muda wote dawa hii haifai. Huko weka kikomo cha fremu, na uzi ulale kabla ya kuita SwapBuffers. Na kama kori zote ziko juu kwa pamoja, kwanza angalia jina la kifaa kinachochora. Ukikuta llvmpipe, kadi ya michoro haitumiki kabisa, prosesa ndiyo inayochora.

Kinachonikera? Kuona uzi ukilala na kuamka kunahitaji ruhusa za msimamizi, Windows na Linux pia; bila hizo ule mstari nilioushangilia haupo. Kodi ya Tracy iliyo ndani ya programu yako na kitazamio chake viwe vya toleo moja, vikipishana mara nyingi vinakataa kuunganika. Na usipoweka TRACY_ON_DEMAND, chaguo unaloliwasha unapojenga programu, inaanza kukusanya data tangu programu inapowaka, kumbukumbu inajaa kabla hujaunganisha chochote. Iweke tangu siku ya kwanza.

Haya, fungua programu yako sasa hivi, bonyeza zoni ya SwapBuffers, kisha niandikie kwenye maoni ule mstari unasoma asilimia ngapi, na unatumia mfumo gani.