Kifurushi cha herufi A: uzoefu wangu na programu ya misamiati ya Kihispania

Programu yenyewe ni ya kadi. Mbele kuna neno la Kihispania, nyuma kuna maana, ukibofya alama ya spika unasomewa. Ukikosea, kadi inarudi upesi. Ukipatia, inasogezwa hadi siku za mbele. Hapo sina neno, wamefanya kazi. Kinachoitofautisha na nyingine ni kwamba maneno yamefungwa kwa herufi: A ni ya bure, kuanzia B unalipia.

Kabla hujatoa pesa, jiulize huo utaratibu wa kamusi unamsaidiaje anayeanza. Kwa sehemu kubwa haumsaidii. Kikao kimoja kilinipa abeja (nyuki), abogado (wakili), abrigo (koti) na abuelo (babu), na sijui ni mazungumzo gani yangewakutanisha hao wote. Vitenzi ndiyo balaa zaidi. Acordarse ni kukumbuka, acostarse ni kwenda kulala, acercarse ni kusogea karibu. Kila kimoja peke yake si kigumu, lakini ukimiminiwa vyote kwa mpigo vinaingiliana kichwani. Mwalimu angevitenganisha. Programu imevipanga foleni kwa kuwa alfabeti ndivyo ilivyotaka.

Ila kwa sisi tunaosema Kiswahili, A ina utamu wake. Waislamu waliingia Rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno za leo, mwaka 711, na dola yao ya mwisho huko, ya Granada, ikaanguka mwaka 1492. Katika karne hizo Kihispania kilichota maneno mengi ya Kiarabu, na mara nyingi kikayabeba pamoja na ile "al" ya mwanzo (kama "the" ya Kiingereza, na pengine ikabaki "a" tu), ndiyo maana yamerundikana kwenye herufi hii. Sisi nasi tulichota kisima kilekile, ila tukaiacha "al" hukohuko. Kwa hiyo ondoa silabi ya kwanza, au hata irabu tu, kisha usome kwa sauti. Azúcar, sukari. Azafrán, zafarani. Aceituna, zeituni. Añil, nili. Alcázar, kasri. Ajedrez ni sataranji, ingawa hapo inabidi uvute subira kidogo. Alberca, ambayo Mexico ndilo bwawa la kuogelea, ni birika letu. Wengine wamebadilishiwa kazi njiani: alcalde, yaani meya, ni kadhi, na alguacil, ambaye leo ni ofisa wa mahakama asiye na makuu, ni waziri aliyeshushwa cheo.

Haya yote programu haiyasemi. Maelezo ya nyuma ya kadi ni ya Kiingereza, na Kiswahili hakimo kabisa kwenye orodha ya lugha zao. Afadhali kuna alama ya kalamu inayokuruhusu kuhariri upande wa nyuma. Nimejiandikia Kiswahili changu, na kadi hizo ndizo zilizokuwa za kwanza kuacha kunisumbua. Tahadhari moja tu: si kila "al" ni ya Waarabu. Alma (roho) na alto (refu) yametoka kwenye Kilatini, usihangaike kuyatafutia ndugu.

Kadi fupi kuliko zote ndiyo iliyonikera kuliko zote. Ni neno "a", na nyuma wameweka maana ya kuelekea mahali, basi. Hiyo ni nusu ya habari. Kwa Kihispania utasema "veo la casa", naona nyumba, lakini "veo a la niña", namwona msichana. Anapoonwa, anapopendwa au anaposubiriwa mtu unayemjua, "a" lazima iingie kati. Mswahili hahitaji somo refu hapo: palepale ambapo sisi tunadai ile "m" ndani ya kitenzi, wao wanadai "a". Wanyama ndio wenye utata, kwa sababu sisi tunawapa wote hadhi hiyo, ilhali wao humpa zaidi yule wa nyumbani aliyezoeleka. Sentensi mbili za mfano zingemaliza kazi, na nafasi nyuma ya kadi ipo tele.

Walichokipatia ni "el agua". Agua ni neno la kike, ila katika umoja linatumia "el" kwa sababu linaanza na "a" yenye mkazo, na "la agua" ingegonganisha sauti mbili. Kadi inaonyesha "el agua fría", sifa ikiwa bado ya kike, kisha "las aguas". Baada yake zinakuja águila (tai), ala (bawa) na arma (silaha), halafu kwa kulinganisha la abuela na la amiga, ambazo mkazo wake haupo mwanzoni. Hapa mpangilio wa herufi umelipa kweli. Lakini hacha (shoka) na hambre (njaa) zinafuata kanuni hiyohiyo, kwa kuwa "h" yao haitamkwi, nazo utazikuta huko mbele kwenye H, ukiwa umeshalipia.

Sauti ni safi. Msomaji ni wa Hispania, kwa hiyo "z" ya azúcar anaitoa kama "th" yetu ya thelathini. Amerika ya Kilatini wangesema "s". Vilevile aguacate (parachichi) imewekwa kana kwamba ni ya kila mahali, wakati Argentina, Chile na Peru wanasema palta.

Sasa kasoro isiyovumilika. Kwenye zoezi la kuandika, programu haijali alama juu ya herufi. Andika "ano" mahali pa "año", inakupa tiki ya kijani na kengele ya pongezi. Año ni mwaka. Ano ni tundu la haja kubwa. Na Wahispania umri wanausema kwa "kuwa na miaka": tengo treinta años. Mwanafunzi aliyepigiwa kengele siku zote atajitambulisha kwa mtu kwa maandishi, na hatajua kwa nini mwenzake anacheka.

Ñ si N iliyovikwa kofia, ni mojawapo ya herufi 27 za alfabeti yao. Cha kushangaza, watu haohao wanaoipuuza wametengeneza vifurushi vya pekee vya CH na LL, ambazo akademia za Kihispania ziliacha kuzipanga kama herufi mwaka 1994, na mwaka 2010 zikazitoa rasmi kwenye alfabeti. Maana yake ukinunua C hupati chico wala chocolate. Unafungua pochi tena.

Nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za kitufe cha kuhariri. A ichukue, ni bure. Nyingine sitazilipia mpaka waruhusu kuchanganya vifurushi, kwa sababu kwa sasa kila herufi imefungiwa chumba chake. Nimewaandikia kuhusu hilo na kuhusu año. Wamejibu la pili tu: linashughulikiwa.