Kalk! Muhula wangu mmoja Denmark na chumba walichosema kichafu

Jamani hili jambo nimekaa nalo moyoni muda mrefu, leo acha nilitoe, maana kila mara kuna mtu ananiuliza "dada Denmark pakoje, niombe?" na mimi kila nikitaka kujibu najikuta naanza kuongelea shawa. Sio masomo, sio baridi. Shawa.

Nilienda kama mwanafunzi wa kubadilishana, muhula ule unaoanza mwishoni mwa Agosti unaishia Januari. Nilikaa Copenhagen, chuo sikitaji na hosteli ndo kabisa siitaji. Ada hulipi kule, vyuo vimeshakubaliana vyenyewe, ila chumba ni juu yako, na kabla hujashika ufunguo unaweka dipoziti ya kodi ya miezi mitatu. Mitatu! Hiyo hela alinichangia mjomba, bumu lilishaisha zamani, kwahiyo muelewe kabisa kwamba ile haikuwa hela yangu, ni deni la ukoo limeenda kulala kwenye akaunti ya Mzungu.

Sasa naruka miezi mitano yote niwapeleke moja kwa moja siku ya kuhama, maana ndo nilikotaka kufika.

Chumba nilikisafisha siku mbili. Mimi mtoto wa Tanga, nimelelewa na bibi ambaye ukikanyaga sakafu yake kabla haijakauka anakupa dekio unaanza upya nyumba nzima, kwahiyo kwenye usafi sijifunzi kwa mtu. Nilipanda kiti nikafuta juu ya kabati, nikageuza godoro, vioo nikavipiga gazeti hadi vikalia, choo nikakisugua na stiliwaya, na huku nje saa mbili asubuhi jua bado halijachomoza. Nikamaliza nikakaa kitandani nimechoka mgongo, najisemea akija mkaguzi hapa labda aniombe nikamsafishie na kwake.

Akaja baba mmoja umri wa baba yangu, shikamoo ikanifika mdomoni nikaimeza. Akavalisha viatu vyake vile vifuko vya plastiki vya bluu, akatoa tochi. Taa imewashwa, yeye anatoa tochi. Akapitisha kidole juu ya fremu ya mlango, hakuna kitu, nikasema kimoyomoyo leo umemkuta mwenyewe. Akaingia bafuni, akamulika kichwa cha shawa, akakikwaruza kwa ukucha, akasema "kalk."

Neno moja. Nikadhani anakohoa.

Kumbe kalk ni chokaa. Maji yao yanatoka chini ardhini kwenye mawe ya chokaa, ukichemshia birika wiki chache tu linaota magamba meupe, na wenyeji wote wanajua, kila nyumba ina chupa ya siki ya kulowekea shawa usiku kucha. Sasa mimi ningejuaje? Kwetu siki ni ya kachumbari! Na hapa Dar kuna watu tunaishi na maji ya kisima yenye chumvi, birika linakuwa zito mpaka mkono unauma, sijawahi kuona mwenye nyumba anakuja na tochi kukwaruza birika la mpangaji.

Nikamwambia baba hiyo chokaa nimeikuta. Akaniuliza, uliandika? Eti ukihamia unapewa siku 14 za kuorodhesha kila kasoro uliyoikuta, ukikaa kimya maana yake umepokea chumba kizima. Mimi hizo siku 14 nilikuwa nahangaikia namba ya CPR, ile ya utambulisho wao, maana bila hiyo namba kule wewe sio mtu, daktari hupati, akaunti ya benki huna, kila dirisha wanakuuliza namba, namba, namba. Na ile karatasi ya kasoro ilikuwepo jamani, ilikuwa ndani ya bahasha ya ufunguo, kurasa za mbele Kidenmark na Kiingereza kimejificha nyuma, nimekuja kuiona wakati napanga begi la kurudi. Haya, hapo kosa langu, nakubali, ila msinikatize.

Akafungua oveni, akamulika, akaandika kwenye tableti yake. Halafu akanigeukia akaniambia kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, kama mtu anayekutajia saa: hapa sio pasafi.

Mimi! Bibi yangu angekuwepo pale ingekuwa kesi. Ujue lugha yao kwenye maongezi haina neno la moja kwa moja kama tafadhali yetu, miezi mitano nilishazoea watu kuongea bila kuzunguka, mtu anakwambia kazi yako dhaifu halafu mnaenda kula wote, lakini hili lilinipiga penyewe. Na alipotoka akanitakia safari njema, na unaona kabisa anamaanisha. Hapo ndo nilipozidi kuchukia.

Makato kwenye ile dipoziti, kroni 2,400. Kroni moja ilikuwa inacheza kwenye shilingi mia tatu na kitu, zidisheni wenyewe, mimi nikizidisha presha inapanda. Hiyo ni nchi ambayo ukirudisha dukani chupa tupu ya soda ya lita moja na nusu mashine inakupa kroni 3, nilikuwa naokota chupa baada ya sherehe zao za Ijumaa chuoni narudi na hela ya mkate, halafu mtu anakuja kufuta chupa 800 kwa ukucha mmoja.

Nililia kwenye metro hadi uwanja wa ndege. Ile metro haina dereva, hata wa kumlaumu hayupo. Watu wote wako na simu zao, hakuna anayekuuliza una nini, kwenye daladala ningeshapewa pole na konda na kila abiria na mmoja angenitafutia mchumba. Nikasema hawa watu hawana moyo. Halafu mama mmoja mzee aliyekaa mbele yangu akaninyooshea pakiti ya tishu, hajasema neno, akarudi kwenye gazeti lake. Sasa huyo nimuweke wapi?

Masomo mazuri, niseme ukweli. Profesa ana mvi kichwa kizima anataka umuite jina lake la kwanza, wiki ya kwanza nilikuwa simwiti kitu chochote, nanyoosha mkono tu. Mtihani wangu mmoja ulikuwa wa mdomo, dakika ishirini, na alama zao zinaanzia 12 kule juu mpaka kutoa 3, yaani mtu unaweza kufeli ukaingia kwenye deni. Mimi nilipata 10. Ila kulikuwa na msahihishaji wa kutoka nje amekaa pembeni anaandika kimya kimya, na siku hizi nikimkumbuka namuona ameshika tochi.

Aliyeniokoa ni jirani yangu wa pale hosteli, kijana wa Kidenmark ambaye miezi yote mitano tuliishia "hej" ya koridoni na siku moja alinifungia taa za baiskeli. Nikamuandikia nikiwa nimeshafika Dar. Akanijibu ujumbe mrefu kuliko maneno yote aliyowahi kuniambia: usikubali, kuna bodi ya mambo ya wapangaji, ila kwanza andika ofisini na utafute ushahidi. Nikachimba WhatsApp, nikakuta video niliyomtumia mama siku ya kwanza, "mama ona bafu langu", na shawa hiyo hapo nyeupe kama imepakwa unga!

Nikaituma Jumapili usiku na barua ya hasira ukurasa mzima. Jumatatu wakajibu mistari miwili. Pole hakuna. Makato ya shawa yamefutwa, tuma IBAN, ile namba ndefu ya akaunti ya kimataifa. Tanzania hatutumii IBAN, tukazungushana wiki na wiki, mwisho hela ikaingia, benki nazo zikajikatia za kwao.

Kwahiyo ombeni, nendeni, ni pazuri, na ukiandika wanakusikiliza hata kama wewe ni mtoto wa kuja tu, ofisi ngapi zetu zingejibu Jumatatu? Nawapa nyota nne.

Tatu. Maana kwenye yale mistari miwili waliandika kuwa makato ya oveni yanabaki palepale. Na oveni ile mimi sikuwahi kuiwasha hata siku moja, nilikuwa naweka sufuria.