Uzoefu wangu: nilivyoipata nakala ya hukumu ya talaka yangu, mahakama ya mwanzo

Nianze na jibu kwa mwenye haraka. Nakala inapatikana hata kama shauri lilikwisha zaidi ya miaka kumi iliyopita, na gharama ya halali si ya kukutisha. Kinachokula muda ni kulipata faili lenyewe. Mwenye namba ya shauri kazi yake ni nyepesi. Asiye nayo ajipange.

Mimi sikuwa nayo. Ndoa yangu ilivunjwa mahakama ya mwanzo mwaka 2011, katika wilaya moja ya mkoa wa Pwani. Hakimu alisoma hukumu, wazee wa baraza wamekaa pembeni yake, tukasikiliza, kila mtu akashika njia yake. Hakuna aliyeniambia nichukue nakala. Nina shoga zangu kadhaa walioachika kwa hukumu ya mahakama na hali zao ni hiyo hiyo: talaka wanayo kichwani, karatasi hawana. Halafu siku karatasi inapotakiwa, inatakiwa kweli kweli.

Yangu ilitakiwa nilipotaka kuolewa tena, ndoa ya serikali, ofisi ya mkuu wa wilaya. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mtoe taarifa ya kusudio angalau siku 21 kabla ya kufunga ndoa, na humo mnaeleza kama mmoja wenu alishawahi kuoa au kuolewa. Nikaandika ukweli: mtalikiwa. Msajili akaisoma fomu, akainua macho: "Cheti cha talaka unacho, mama?"

Cheti hicho kinatoka RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na RITA wanasajili talaka iliyokwisha kutamkwa na mahakama. Kwa hiyo safari inaanzia mahakamani, inapita RITA, ndipo inarudi kwa msajili. Waislamu wenzangu wa Tanzania Bara, hapa huwa tunajikwaa, tukidhani ile barua ya sheikh au ya baraza la usuluhishi wa ndoa inatosha. Haitoshi. Hata ndoa ya Kiislamu ambayo mume ameshatoa talaka, kwa sheria yetu bado mahakama ndiyo inayotoa amri ya talaka. Zanzibar wenzetu wana Mahakama za Kadhi, hizo ndizo zinazoshika kumbukumbu zao, kwa hiyo ninayoyasema hapa hayawahusu sana.

Kwa kuwa ninaishi Dar es Salaam nilianzia Temeke, kwenye Kituo Jumuishi kinachoshughulikia masuala ya familia: ndoa, talaka, mirathi na watoto. Kilianza kazi 2021, na uzuri wake ni kwamba kuanzia mahakama ya mwanzo hadi Mahakama Kuu wako jengo moja. Pale nilihudumiwa vizuri, na kijana wa mapokezi aliniambia jambo moja lililoniokolea nauli: faili la zamani linatafutwa pale shauri liliposikilizwa. Asante yake. Mstari mrefu niliokaa nao siku hiyo ulikuwa wa mirathi karibu wote.

Basi nikaenda kwenye mahakama yangu ya zamani. Kabla hujafika getini unakutana na vijana wa steshenari, na katikati yao yumo kishoka mmoja au wawili, wale madalali wasio rasmi. "Mama unafuatilia faili? Mimi nina mtu ndani." Usimjibu, pita. Kazi ya kutafuta faili ni ya karani wa masijala, na huyo hana bei ya pembeni. Malipo halali yanakuja na namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tuliyozoea kuiita kontrol namba, unalipa kwa simu au benki. Ukiambiwa utoe fedha mkononi bila stakabadhi, hapo si mahakamani tena.

Sasa masijala. Mashauri ya miaka ile yameandikwa kwa mkono kwenye rejesta kubwa, kila mwaka na namba zake, na kila shauri na majina ya mdai na mdaiwa. Maana yake ni kwamba anayetafuta anapekua ukurasa kwa ukurasa akilitazama jina la aliyefungua shauri. Kama ni mumeo aliyefungua, jina lako litakuwa upande wa pili, na karani aliyechoka anaweza kulipita. Mwambie mapema nani alikuwa mdai. Mwambie na mwezi, hata kwa kukadiria. Mimi niliukumbuka kwa sababu ilikuwa karibu na Idi, na karani akaupata mwezi kwa kuhesabu kutoka hapo.

Rejesta ikatoa namba. Faili halikuonekana kwenye kabati la mwaka 2011.

Hapa ndipo huduma iliponiudhi, sitaficha. Nilijibiwa "njoo wiki ijayo" na mtu mmoja, "limehamishwa" na mwingine, na wa tatu akasema huenda lilipotea walipobadilisha jengo. Hakuna aliyeandika popote kwamba nilifika na ninatafuta nini, kwa hiyo kila nikirudi naanza upya kama mgeni. Hilo ni jambo la daftari moja tu la bei ndogo, na lingempunguzia kila mtu kazi, wakiwemo wao.

Aliyelimaliza ni karani mmoja mtu mzima. Badala ya kunirudisha nyumbani aliniuliza swali: "Watoto walikuwepo? Matunzo yalikuwa yanalipiwa hapa?" Ndiyo, miezi ya mwanzo baba watoto alikuwa analeta hela pale pale mahakamani, nami nasaini. "Na baadaye ulileta maombi mengine?" Nilileta, mwaka 2013, kuomba matunzo yaongezwe. Akacheka. Kumbe maombi yanapokuja baada ya hukumu, faili la mwanzo linaitwa mbele ya hakimu pamoja nayo, na likishamaliza kazi linarudi na fungu la mwaka ule wa maombi. Langu lilikuwa limefungwa kamba na mashauri ya 2013, limepumzika. Kwa hiyo kama na wewe uliwahi kurudi mahakamani kwa ajili ya matunzo, watoto au kugawana nyumba, taja na mwaka huo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Unaandika barua ya maombi kwa Hakimu Mfawidhi, yaani hakimu msimamizi wa mahakama hiyo. Si lazima aliyekutolea hukumu awepo, wangu alishahamishwa zamani, na nakala inathibitishwa na aliyepo. Ndani ya barua weka namba ya shauri, majina kama yalivyo kwenye rejesta, tarehe ya hukumu, wewe ni nani katika shauri hilo na unaitaka nakala kwa shughuli gani. Ambatisha kivuli cha kitambulisho cha NIDA. Na hapa nawaomba muwe makini: taja karatasi unayoitaka kwa jina lake. Hukumu ni jambo moja, ndiyo uamuzi wa hakimu na sababu zake; amri ya talaka ni jambo jingine, ni karatasi inayotamka kuwa ndoa imevunjwa; na mwenendo wa shauri ni kitu cha tatu kabisa. Mwenendo ndio ule wa kila neno lililosemwa na mashahidi, mrefu, na wanaouhitaji hasa ni wanaokata rufaa. Mwanamke mmoja niliyekuwa naye kwenye benchi aliomba "nakala za kesi yangu", akaambiwa vyote vichapwe, akasubiri vyote. Mimi niliomba hukumu na amri ya talaka tu.

Kuchapwa kulichukua muda kwa sababu hukumu yenyewe ilikuwa ya mkono, na mwandiko wa hakimu yule, Mungu amsamehe. Ilipotoka niliisoma yote pale pale benchi. Jina langu la cheti cha ndoa na la NIDA ni Khadija. Kwenye hukumu iliyochapwa nilikuwa Hadija mwanzo, Khadija katikati, na Hadija tena mwishoni. Nikairudisha dirishani kabla haijagongwa muhuri, ikarekebishwa siku ile ile. Ukishaondoka nayo ikiwa na muhuri, kuisahihisha ni maombi mengine. Linganisha majina, tarehe ya ndoa, tarehe ya hukumu.

Faida moja ya mahakama ya mwanzo ambayo watu hawaisemi: hukumu iko kwa Kiswahili. Dada yangu wa kwa mama mkubwa alipata talaka mahakama ya wilaya miaka ile ile, na ya kwake ni Kiingereza mwanzo mwisho. Ni hadi sheria iliporekebishwa mwaka 2021 ndipo Kiswahili kikawekwa kuwa lugha ya mahakama zote. Mimi hukumu yangu niliisoma mwenyewe, bila wakili wa kunitafsiria maisha yangu.

Kuna waliopendekeza nitafute mtandaoni. TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ipo, ni bure, na inafaa sana, lakini utakachokikuta humo kwa wingi ni maamuzi ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Shauri lililoishia mahakama ya mwanzo kama langu usilitegemee. Nilijaribu jina langu, nikaambulia talaka za watu wengine: majina kamili, viwanja, mabati, nani alimfumania nani. Nilifunga ukurasa kwa aibu isiyokuwa yangu. Mnaofikiria kukata rufaa ya talaka, lijueni hilo.

Nikitakiwa kutoa nyota: Temeke tano. Mahakama yangu ya zamani tatu, na mbili kati ya hizo ni za yule karani mtu mzima. Kwa mashauri ya siku hizi mambo ni tofauti, yanasajiliwa kwenye mfumo wa kielektroniki, na nimeona watu wakipata namba yao kwa muda mfupi tu. Sisi wa enzi za rejesta ndio tunaohangaika.

RITA niliwapelekea hukumu, amri ya talaka yenye muhuri na cheti cha ndoa ya kwanza, nikalipia kwa kontrol namba. Hawakuniuliza swali lolote la ziada kwa sababu majina yalikuwa sawa kote. Msajili wa ndoa alichukua kivuli, akanirudishia cheti halisi, akaipokea taarifa yetu. Kwa mliopo nje ya nchi, aliyekuwa mbele yangu dirishani alikuwa anamfuatilia shemeji yake aliyeko Muscat, na alipokelewa kwa kuwa alikuja na hati ya uwakilishi iliyoandikwa kisheria. Ujumbe wa WhatsApp aliotangulia kuuonyesha haukumfikisha popote.