Bangkok kwa njia ya maji: tathmini ya boti za mto Chao Phraya na mfereji wa Saen Saep

Sababu zinazotajwa mara kwa mara za kutembelea Bangkok ni mahekalu, masoko na chakula cha barabarani, na zote zina ukweli. Hata hivyo, mgeni anayezifuata kwa teksi hupoteza sehemu kubwa ya siku kwenye foleni, mita ikizidi kusoma ilhali gari halijasogea. Kwa maoni yangu, kinacholifanya jiji hilo listahili safari ndefu ni usafiri wake wa majini, kwa kuwa hufika karibu na vivutio vingi vikubwa, nauli yake haimwumizi mtu, na mgeni hukaa bega kwa bega na wenyeji wanaokwenda kazini na shuleni. Tathmini hii inahusu huduma mbili za boti za umma: ile ya mto Chao Phraya na ile ya mfereji wa Saen Saep.

Ramani ya Bangkok haieleweki vizuri pasipo mto. Mwaka 1782 Mfalme Rama wa Kwanza alihamisha makao makuu ya ufalme kutoka Thonburi, ukingo wa magharibi, akayaweka ukingo wa mashariki ambako Kasri Kuu limesimama hadi leo. Kwa miongo mingi baada ya hapo watu na bidhaa walipita majini, na barabara pana zilikuja baadaye. Ndiyo maana kasri, mahekalu ya zamani, makanisa na maghala ya wafanyabiashara wa Kichina vimejipanga kandokando ya maji, na anayefika kwa boti anaingia kwa mlango wa mbele.

Boti za mtoni hutambulika kwa rangi ya bendera. Ile ya kumfaa mgeni ni yenye bendera ya rangi ya chungwa, ambayo hufanya kazi mchana kutwa na kutoza baht 16 (baht ni sarafu ya Thailand), uwe unashuka gati la pili au unakwenda mpaka Nonthaburi, mwisho wa njia upande wa kaskazini. Boti za bendera nyingine hubeba hasa wafanyakazi asubuhi na jioni, na huruka magati kadhaa. Ipo pia boti ya watalii yenye bendera ya buluu, ambayo nauli yake ni kubwa zaidi, viti vyake vina nafasi, na maelezo hutolewa kwa Kiingereza. Anayesafiri na wazee au watoto wadogo hatajutia kulipa tofauti hiyo. Wengine wote nawashauri waipite, ingawa wauzaji wa tiketi zake ndio wanaoita kwa sauti kubwa kuliko wote pale gati la Sathorn. Gati hilo limeungana na kituo cha Saphan Taksin cha treni ya juu, hivyo kulifikia ni rahisi.

Ufanisi wa boti hizi unaonekana vizuri zaidi pale zinapotia gati. Mfanyakazi anayesimama nyuma ya boti, kamba mkononi, hupuliza kipenga kwa milio mifupi na mirefu, na nahodha aliye mbele, asiyeweza kuona nyuma, hurudisha chombo kwa kufuata milio hiyo pekee. Kamba hutupwa kwenye nguzo, boti hugusa matairi yaliyofungwa ukingoni, watu hushuka na kupanda kwa haraka, kisha kipenga hulia tena na safari ikaendelea. Anayesubiri boti isimame kabisa ndipo ainuke kitini hupitilizwa. Kondakta naye hupita katikati ya abiria akitikisa mkebe mrefu wa chuma wenye sarafu na karatasi za tiketi, na mlio wa mkebe huo unatosha kumkumbusha kila mtu kutoa nauli. Noti kubwa humkera, na ana haki ya kukereka.

Njiani vituo vyenye thamani vinafuatana. Gati la Ratchawong humfikisha abiria Yaowarat, mtaa wa Wachina, ambako jioni majiko huwashwa kando ya barabara na harufu ya vitunguu saumu vinavyokaangwa hutangulia kabla ya moshi kuonekana. Tha Tien ndilo gati la Wat Pho, hekalu lenye sanamu ya Buddha aliyelala, urefu wake mita 46, na shule ya ukandaji wa jadi wa Kithai, ufundi ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa tamaduni zisizoshikika mwaka 2019. Kutoka hapo kivuko kidogo huvuka hadi Wat Arun, hekalu lenye mnara uliopambwa kwa vipande vya vyombo vya kauri vya Kichina. Kwa mbali mnara huo huonekana wa kijivu, lakini ukikaribia unagundua kwamba kila ua limeundwa kwa sahani na vikombe vilivyovunjwa. Kwa Kasri Kuu hushukwa Tha Chang. Kiingilio chake kwa mgeni ni baht 500, mabega na magoti lazima yafunikwe, na mtu yeyote wa barabarani anayekwambia kwa upole kwamba kasri limefungwa leo, kisha akajitolea kukupeleka kwingine kwa bajaji, anakupeleka kwenye duka la vito.

Upande wa magharibi uko mtaa ambao watalii wengi huupita bila kuutazama. Ni Kudi Chin, ambako kanisa la Santa Cruz, hekalu la Kibuddha, jengo la ibada la Wachina na msikiti viko umbali wa kutembea kwa miguu. Wakatoliki wenye asili ya Kireno walipewa ardhi hapo na Mfalme Taksin, baada ya Ayutthaya, mji mkuu wa zamani, kuanguka mwaka 1767, na familia za mtaa huo bado huoka keki ndogo zinazorithi mapishi ya Kireno. Mtaa huu unamfaa zaidi mtu aliyechoshwa na umati wa Kasri Kuu.

Kasoro za huduma ya mtoni zipo. Jioni boti husimama mapema, hivyo anayekula chakula cha usiku kando ya mto ajipange kurudi kwa treni. Saa za kwenda na kurudi kazini abiria husimama wakabanana, na mtu mrefu hulazimika kuinamisha kichwa. Pengo kati ya boti na gati, ambalo hupanda na kushuka kwa mawimbi, ni kikwazo kikubwa kwa anayetumia kiti cha magurudumu. Mwishoni mwa msimu wa mvua, hasa Oktoba na Novemba, maji hupanda na baadhi ya magati hufurika. Kuna jambo la adabu pia: nafasi iliyotengwa kwa watawa wa Kibuddha huachwa wazi, na mwanamke hatakiwi kumgusa mtawa wala kumpa kitu mkono kwa mkono.

Mfereji wa Saen Saep ni habari nyingine. Ulichimbwa kati ya mwaka 1837 na 1840 kwa amri ya Rama wa Tatu, ili askari na silaha vifike mashariki wakati wa vita na Vietnam juu ya Kambodia. Leo unapita katikati ya jiji la maghorofa, chini ya madaraja yenye kimo kifupi mno, ukiwabeba watu wanaotaka kufika ofisini bila kuiona foleni. Maji yake ni meusi na yananuka, na sitaki kumficha msomaji jambo hilo. Abiria wa pembeni huvuta kamba kuinua turubai la plastiki kila boti nyingine inapopishana nao, kisha huliteremsha ili hewa ipite. Hakuna anayewaamuru: mkono huenda kwenye kamba kabla wimbi halijafika, hata kwa anayesinzia. Makondakta, wakiwa wamevaa kofia ngumu, hutembea nje kwenye ukingo mwembamba wa boti wakikusanya nauli, na huinama kila daraja linapokaribia. Pale Pratunam abiria wote hubadilisha boti, na tiketi hutunzwa kwa sababu huhitajika tena.

Kwangu, gati la Hua Chang ndilo linalohalalisha harufu yote hiyo. Hatua chache kutoka hapo iko nyumba ya Jim Thompson, Mmarekani aliyeipa hariri ya Kithai soko la kimataifa baada ya Vita Kuu ya Pili, kisha akatoweka katika milima ya Cameron nchini Malaysia mwaka 1967 asionekane tena. Nyumba yake iliunganishwa kwa nyumba kadhaa za mbao za kale, na watalii huijaza. Lakini waliofuma hariri hiyo waliishi ng'ambo ya mfereji, Ban Khrua, mtaa wa Waislamu wenye asili ya Kicham, jamii ya Kambodia na Vietnam, ambao mababu zao walipigana upande wa Rama wa Kwanza na kupewa ardhi hapo. Vichochoro vyake ni vyembamba kiasi cha watu wawili kupishana kwa kugeuza mabega, na bado zipo familia zinazofuma na kuuza vitambaa nyumbani. Mtaani humo chakula halali hakihitaji kutafutwa, jambo la kuzingatiwa na msafiri Mwislamu, kwa kuwa tambi za boti, zile zinazouzwa katika vibakuli vidogo karibu na Mnara wa Ushindi, kwa kawaida huwa na nyama ya nguruwe au mchuzi uliotiwa damu.

Mwenye siku moja tu aanze mtoni asubuhi, kabla jua halijakaza, apitie Tha Tien na Wat Arun, na saa za joto kali aingie kwenye kivuli cha Kudi Chin. Alasiri achukue treni ya juu kutoka Saphan Taksin hadi eneo la Siam, atembee hadi Hua Chang, apande boti ya mfereji kuelekea mashariki na kushuka Asok, ambako treni ya chini ya ardhi iko karibu. Miezi ya Novemba hadi Februari hewa huwa nafuu zaidi. Sarafu ziwe mfukoni tangu mwanzo, na viti vya ukingoni kwenye boti za Saen Saep viachiwe wanaojua kuvuta kamba kwa wakati.